Tupeane uzoefu: mboga ya siku uliyochoka, unaipikaje na unashushia na nini?

Bi Mwanakwerekwe: Asalaam aleikum wenzangu. Jana nimetoka kazini saa kumi na moja nimechoka, na bei ya samaki sikuthubutu hata kuuliza. Nikachukua mafungu mawili ya mchicha, nazi na ndimu, nikenda zangu. Mie mchicha sitii maji, unatoa yake wenyewe. Kitunguu, tungule moja, tui, basi. Chumvi naitia mwisho kabisa, maana sufuria iliyojaa majani ikinywea inabaki mboga ya kiganja, na chumvi uliyoikadiria mwanzo haiwezi kulika. Nimekula na ugali, juu yake gilasi ya ukwaju. Na nyie?

Mpemba wa Wete: Waaleikum salaam bibi. Mie kisamvu, japo utasema kisamvu si chakula cha mtu aliyechoka. Ngoja nikueleze. Mwaka wa kwanza chuoni Unguja nilikitia kwenye blenda, nikakichemsha robo saa, nikala. Usiku kichwa kinagonga, tumbo linazunguka. Nikampigia bibi Pemba. Akacheka kwanza, ndiyo akanambia: "Muhogo una sumu, mwanangu. Kisamvu hutwangwa kikalainika, kikachemshwa sana, chungu wazi. Wewe umekula majani mabichi." Sasa nakitwanga Jumapili asubuhi, nakichemsha mpaka kiive barabara, nakigandisha kwenye vifuko. Siku ya kuchoka natoa kifuko kimoja, natia tui jepesi na kipande cha ng'onda, yule samaki mkavu, na kasimele, lile tui zito, mwisho. Dakika kumi. Kinywaji? Maji ya mtungi, sina makuu.

Mgogo wa Paje: Habari zenu. Mie mtu wa Dodoma, niko hotelini huku mwaka wa sita, naomba mnistahi kwa nitakalosema: mie nashushia na mvinyo wa boksi wa kwetu. Nyumbani, mlango umefungwa, na Ramadhani siugusi. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo sisi tumeukuta mezani tangu utoto. Boksi nalipendea jambo moja. Ndani mna mfuko wenye bomba, ukimimina mfuko unajikunja, hewa haiingii, basi mtu wa gilasi moja kwa siku mbili haumharibikii. Chupa ukishaifungua, siku ya nne ni siki.

Kosa langu lilikuwa mchunga, ile mboga ya majani machungu. Nimeupika vizuri, nikamimina mwekundu mkavu. Jamani! Uchungu juu ya uchungu, ulimi ukakakamaa kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi. Wiki iliyofuata nikajaribu mweupe wenye utamu kidogo, umelala kwenye friji, na matembele ya nazi. Hapo ndipo nilipoelewa. Utamu wake unakwenda na nazi, na ule ukali kidogo unafanya kazi ya ndimu. Mwekundu nimemwachia jirani wa Moshi na nyama yake.

Bi Mwanakwerekwe: Kaka wa Paje, hilo la mvinyo sisi hatumo, Mola atusitiri sote. Lakini la mchunga umesema kweli. Ufikiche kwa chumvi, ukamue yale maji ya kijani, ndiyo uutie kwenye nazi. Halafu usinywe ukwaju juu yake. Nimejaribu, hauendi. Juisi ya embe ndiyo yake.

Mgogo wa Paje: Nashukuru dada, nitafikicha.

Mama Pacha, Fuoni: Mie bamia na bilingani sufuria moja, watoto wanagombania. Ila tui langu kila siku linakatika, linakuwa maji huku mafuta kule. Moto nimeshapunguza. Nakosea wapi?

Mpemba wa Wete: Unafunika?

Mama Pacha, Fuoni: Nafunika, ili liive upesi.

Mpemba wa Wete: Ah, shoga! Tui halifunikwi. Simama nalo, koroga upande mmoja mpaka lichemke, ndiyo ukakae.