Manchester United imenunuliwa kwa pesa zake yenyewe, halafu mnatuambia sisi wa Amu, kisiwani Lamu, hayatuhusu?

Usingizi umekataa. Ni saa saba usiku, stima imerudi sasa hivi baada ya kupotea tangu magharibi, na simu ina chaji ya kuandika haya basi. Nikinyamaza nitapasuka.

Leo baada ya alasiri tulikuwa barazani kama kawaida, hapa Langoni, kahawa imeshapita mara ya pili. Maneno yakaingia Manchester United kama yanavyoingia kila siku, na mimi nikasema ninalosema kila siku: balaa hili limeanzia kwa Glazer, mwenye klabu. Si kocha, si kipa, si beki wa kushoto. Kijana mmoja shabiki wa Manchester City, ambaye wallahi mimi ndiye niliyemfunza kuogelea pale gatini, akashusha kikombe taratibu akaniambia, "Kaka, wewe umeshawahi kununua hata tiketi moja? Wewe ni mteja wa banda la kutazamia mpira, shilingi hamsini yako unampa mwenye dishi. Ya wenyewe waachie wenyewe." Baraza zima likaangua kicheko. Wa Arsenal wakacheka, hao sishangai. Lakini wa Man U wenzangu nao walicheka! Mmoja alicheka mpaka tende ikampalia.

Shabiki wa City kuniambia mimi habari ya wenyewe. Haya.

Mzee mmoja pale, nahodha wa zamani, hafuati mpira kabisa, akauliza, "Kwani huyo Glazer mekosa ni? Tajiri si hununua?" Nikaona huyu angalau anauliza kutaka kujua. Nikamwambia hivi, na nawaambia na nyinyi.

Tuseme kuna jahazi. Halina deni la mtu, limelipiwa zamani, nahodha wake hodari, mabaharia wanashiba. Akaja tajiri kutoka ng'ambo analitaka. Mfukoni ana kiasi, hakimtoshi. Akaenda kwa wakopeshaji akawaambia, nipeni pesa, rehani ni jahazi hilo hilo. Wakampa. Akawalipa wenye jahazi wa kwanza, kesho yake akashuka gatini akawaambia mabaharia: deni hili litalipwa na nauli ya shehena mtakazobeba nyinyi. Tanga likichanika, pesa ya tanga hakuna. Kalafati imekauka, maji yanaingia, ngojeni mwakani. Na kila mwaka yeye anataka mgao wake kwa kuwa yeye ndiye mwenye chombo.

Mzee akaniuliza, "Na riba yuu?" Nikamwambia na riba juu. Mikopo yao mingine riba ilikuwa asilimia 14 na robo, na mwaka 2010 ikapanda mpaka 16 na robo. Akashika ndevu. "Astaghfirullah. Na serikali yao ikitazama kwa mato?" Ikitazama kwa macho, mzee wangu. Kisheria hakuna aliyevunja kitu.

Nahodha asiyejua offside ni nini alielewa kwa dakika tatu. Nyinyi mnaovaa jezi kila Jumamosi miaka 20 hamjaelewa.

Basi niwakumbushe, maana naona wengi hapa wameanza kufuata timu juzi. Malcolm Glazer, Mmarekani mwenye Tampa Bay Buccaneers, timu ya mpira wa Kimarekani, alianza kununua hisa 2003. Tarehe 12 Mei 2005 akapata fungu kubwa la hisa za Waayalandi wawili, McManus na Magnier, na klabu ikawa mkononi mwake. Hao Waayalandi ni wafuga farasi, na Magnier alikuwa ameshagombana na kocha wetu Ferguson kwa ajili ya farasi mmoja akiitwa Rock of Gibraltar. Farasi! Hapa Amu watu hugombana kwa punda kila wiki na hakuna aliyepoteza klabu. Bei yote ilifika kama pauni milioni 790, na zaidi ya nusu ilikuwa ya mkopo. Klabu iliyolala bila deni ikaamka na deni la mamia ya mamilioni ambalo haikulikopa.

Wenyeji wa Manchester walipiga kelele siku ile ile. Wengine wakaondoka kabisa wakaanzisha klabu yao, FC United of Manchester, wakaenda kuanza ligi za chini kabisa. Hao nawavulia kofia ya viua.

Na sisi je? Hapa ndipo kijana wa City alinichoma kweli, ingawa sikumpa raha ya kujua. Alisema, "Mlipokuwa mkishinda mbona hamkumtaja Glazer?"

Sikumtaja. Sikumjua hata jina. Tarehe 21 Mei 2008, fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Moscow na Chelsea, nilikuwa banda moja nyuma ya Mkunguni ambalo siku hizi ni duka la vipuri vya boti. Tulibanana watu sitini mbele ya televisheni moja yenye mgongo. Penalti. Terry wa Chelsea akateleza, nikadondoka na benchi. Kipa wetu Van der Sar akaizuia ya Anelka, tukatoka mbio mpaka ukutani baharini saa za usiku, punda wakakurupuka, akina mama wakatulaani kutoka madirishani. Jezi niliyovaa usiku ule ninayo mpaka leo, herufi za kifuani zimebanduka, imebaki I peke yake. Tulikuwa tunachukua ligi, 2007, 2008, 2009, halafu 2011, halafu 2013. Ferguson alikuwa akiziba matundu yote na sisi tukadhani chombo kizima. Nani angeuliza habari ya rehani?

Dalili zilikuwepo lakini. Kiangazi cha 2009 Ronaldo kauzwa pauni milioni 80, tukaletewa Michael Owen wa bure tena akapewa namba 7. Namba 7! Pale ndipo mtu mwenye akili angejiuliza zile milioni zimepita mlango gani. Mwaka uliofuata wenyeji wakaanza kuvaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la klabu kabla ya 1902. Beckham alikuja na Milan, akafungwa nne bila, na wakati wa kutoka akaokota skafu moja akaivaa shingoni. Sisi barazani tukasema tazama Beckham anavyopenda mitindo. Ndiyo elimu yetu ilipofikia.

2012 wakaipeleka klabu soko la hisa la New York. Mkasikia raha, "klabu ya wote sasa." Ya wote wapi? Hisa zao wao zina kura 10 kila moja, ukinunua wewe unapata kura moja. Mzee Glazer alifariki 2014, wanawe wakaendelea pale pale, Joel na Avram mbele.

Na paa. Nani alitazama mechi ya Arsenal tarehe 12 Mei 2024? Tulifungwa moja bila, mvua ikanyesha Old Trafford, uwanja wetu, maji yakamwagika kutoka paani kama mfereji wa msikiti uliovunjika bomba. Miaka 19 kamili tangu siku ile waliyoingia, tarehe ile ile. Nilikuwa nimekaa chini ya makuti, masika hapa kwetu inapiga kweli kweli, na sikupata tone. Mwenye banda akanicheka akasema, "Waambie waje nikawaezekee."

Halafu Jim Ratcliffe, tajiri wa viwanda vya kemikali. Mtaniambia huyu si mgeni, ni Mwingereza, shabiki tangu utotoni. Sawa, anaishi Monaco lakini ni Mwingereza. Mapema 2024 akanunua robo kwa dola 33 kila hisa. Sehemu kubwa ya pesa ile ikaingia kwa waliouza hisa, dola milioni 300 ndizo zilizotengwa kwa klabu yenyewe. Deni liko pale pale, Glazer wako pale pale na kura zao. Halafu yeye, aliyepewa kuendesha mambo ya mpira, alianza na nani? Wafanyakazi. 250 wakaondolewa, mwaka wa pili ikatangazwa wengine wanaofika 200. Chakula cha mchana cha bure cha wafanyakazi wa Old Trafford kikafutwa, wakaambiwa watapewa matunda. Matunda! Hata fundi anayekuja kukupigia chokaa hapa Amu humwambii ale embe akapande ngazi. Tiketi wakazipandisha katikati ya msimu zikawa pauni 66, mtoto na mzee bei moja. Hiyo ni karibu shilingi elfu kumi na moja, mechi moja. Ferguson naye akakatwa malipo yake ya ubalozi wa klabu. Ferguson!

Na tukamaliza wa 15. Pointi 42. Fainali ya Ligi ya Europa ya Bilbao na Tottenham ilikuwa tarehe 21 Mei 2025, miaka 17 juu ya alama tangu Moscow. Mimi mjinga nikasema hii ni ishara, nikaivaa ile jezi ya herufi moja. Dakika ya 42 mpira ukagonga huku ukagonga kule ukaingia, na mpaka mwisho hatukurudisha. Nilirudi nyumbani kwa kichochoro cha nyuma nisionane na mtu.

Sasa kuna hili kundi jengine, na uzi huu hasa ni wenu. Nyinyi ambao 2023 mlikuwa mkisema Sheikh Jassim wa Qatar aje "kwa sababu ni wetu". Msinielewe vibaya, mimi pia nilimtaka. Alitaka kununua klabu nzima na alisema deni atalifuta, hilo lilinitosha. Oktoba akajiondoa, nikahuzunika kama mtu aliyefiwa. Lakini "wetu" imetoka wapi? Anaijua Mkomani? Mtu akimwonyesha Matondoni atajua kunaundwa nini? Mnamtetea mnunuzi kwa kilemba, kama wanavyofanya wa City na Abu Dhabi yao tangu 2008. Na hao wa Newcastle ndio walionitia kichefuchefu zaidi. Oktoba 2021 klabu iliponunuliwa, asilimia 80 ikawa ya mfuko wa Saudia, watu walijifunga taulo za jikoni kichwani na kuvaa kanzu za kukodi uwanjani wanacheza dansi. Klabu ikawaomba waache, siku chache baadaye ikageuza kauli. Mimi kanzu naivaa kila Ijumaa. Nilitazama picha zile nisijue nicheke au nitukane. Na Khashoggi, mwandishi wa habari Msaudia, alikuwa ameuawa na maajenti wa nchi yake miaka mitatu tu nyuma, hata hilo halikupita akilini mwao wakiwa na mataulo yao.

Uraia wa mtu mimi haunihusu. Awe Mmarekani, awe Mwarabu, awe wa Manchester penyewe. Ninachouliza ni kimoja: pesa ya kununulia ametoa yeye, au tumetoa sisi?

Ndiyo, sisi. Narudi kwa kijana wa City. Sijanunua tiketi. Lakini jina la kampuni iliyo kifuani mwa jezi halijalipiwa kwa sababu ya watu elfu 74 wa Old Trafford peke yao. Limelipiwa kwa sababu kuna mtu Amu, kisiwa cha punda na vichochoro, analitazama kila wiki, na yuko mwengine Kisumu na mwengine Jakarta. Mimi ni sehemu ya shehena. Jahazi likilipa deni kwa shehena, basi hata mimi nalipa.

NYONGEZA, saa tatu asubuhi: Naona mmeamka na matusi. Wewe wa Malindi unayesema nyinyi mmezoea, Wataliano wamejenga hoteli ufuo mzima na maisha yanaendelea, na kwamba watu wa Amu hatuna mdomo kwa sababu tumewauzia Wazungu nyumba za mawe za babu zetu. Umegusa kidonda na ni kweli. Kuna nyumba moja Mkomani, zidaka zake nilizijua moja moja nikiwa mtoto, maana tulikuwa tukificha gololi ndani yake. Imefungwa miezi kumi kwa mwaka, mjukuu wa aliyeiuza ndiye anayemwagilia maua. Inaniuma kila nikipita. Lakini yule Mzungu alilipa kwa pesa yake. Hakumwachia mjukuu risiti ya deni.

NYONGEZA nyengine: Anayesema nihamie Arsenal, kwani Kroenke mwenye klabu hiyo ni wa Lindi? Mmarekani yule yule, na tangu 2018 klabu yote ni yake. Tulia.

Na wewe kijana wa City, najua unasoma hapa, nimeona umeweka alama ya kucheka. Jumamosi nitakuja bandani kama kawaida. Mwenye dishi amepandisha, sasa ni sabini, nitalipa. Kile kiti cha mbele kilichovunjika mgongo ni changu. Usikikalie.