Mhakiki wa vitabu anaweza kuitia hofu serikali? Namuulizia Monica Lovinescu

Mwalimu_Mbale
Habari zenu wapendwa. Nafundisha fasihi sekondari hapa Mbale, na Ijumaa jioni hukaa na wanafunzi wachache tukasoma tahakiki. Juzi binti mmoja aliniuliza: kama kitabu kimeshaandikwa na mtu mwingine, mhakiki anafanya kazi gani hasa? Nikatafuta mfano wa mhakiki ambaye maneno yake yalikuwa na uzito, nikakutana na jina la Monica Lovinescu, Mromania aliyeishi Paris na kusema redioni. Nimesoma kwamba Novemba 1977 watu wawili walimvizia nje ya nyumba yake, wakampiga kichwani mpaka akapoteza fahamu. Mshairi kupigwa kwa shairi lake, hilo naweza kulieleza darasani. Lakini mhakiki? Alisema nini cha kutumiwa wapigaji kutoka nchi nyingine?

Nakato_Jinja
Mwalimu, mimi naona hapo ni siasa tu, fasihi ilikuwa kisingizio. Redio aliyosemea, Radio Free Europe, ilikuwa ya Wamarekani, na mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70 pesa zake zilipitia CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Halafu kukaa Paris ukiwahukumu waandishi waliobaki Romania chini ya rais Ceaușescu ni rahisi mno. Yeye alikuwa anapoteza nini?

Mzee_Arua
Mwalimu, huyu nimemsikia kwa masikio yangu. Nilisomea mafuta na gesi Ploiești miaka ya 80, mji wa viwanda vya kusafisha mafuta kaskazini mwa mji mkuu, București. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tu, na Kiromania kilipokaa mdomoni, mama mmoja wa makamo aliyefanya kazi maktaba akawa ananikaribisha kwake. Kwake yeye ilikuwa hatari, maana raia aliyezungumza na mgeni alitakiwa kwenda kutoa taarifa. Jioni ya kwanza alichukua mto akaufunika juu ya simu, kwa sababu wengi waliamini simu inasikiliza hata ikiwa haijainuliwa. Kisha akafungua redio.

Nilitegemea nisikie rais akitukanwa. Nikasikia sauti nzito ya mwanamke, yenye mkwaruzo, ikichambua riwaya. Sura gani ina uhai na sura gani imechomekwa ili wakubwa waridhike. Mwandishi huyu alikuwa anajua kuandika, mbona hapa kalegea? Na riwaya yenyewe ilichapwa palepale București kwa ruhusa ya chama cha kikomunisti kilichotawala, inauzwa dukani! Alikuwa Paris, lakini vitabu vilivyotoka nchini alivifuatilia kama anayeishi mtaa wa pili.

Sasa shika hapa, Mwalimu, maana jibu la binti yako liko hapa. Mwaka 1971 Ceaușescu alirudi kutoka China na Korea Kaskazini, na Julai akatangaza kwamba sanaa lazima itumikie itikadi. Mwaka 1977 ofisi ya udhibiti, iliyokagua maandishi kabla ya kuchapwa, ikafutwa rasmi. Watu wa nje wakapongeza, kumbe kila mhariri sasa anajibu kwa shingo yake mwenyewe, na mhariri mwenye woga hukata maneno ambayo hata mdhibiti angeyaacha. Kwenye magazeti, kitabu cha mtu wa chama kikasifiwa, na cha mwenye kipaji kikasifiwa kwa maneno yaleyale, au kikanyamaziwa. Msomaji akabaki hana pa kushika. Chama kiliweza kumpa mwandishi tuzo, nyumba na safari za nje. Hakikuweza kumpa hukumu ya haki juu ya kazi yake. Ile ilitoka redioni, na tangu 1963 Romania ilikuwa imeacha kuvuruga mawimbi ya redio ile, kwa hiyo ilisikika jikoni mwa watu. Aliyeandika utenzi wa kumtukuza rais siku ya kuzaliwa kwake alijua kwamba jina lake litasomwa, na jirani zake watasikia.

Nakato mwanangu, kuhusu pesa umesema kweli. Kuhusu kupoteza, hapana. Monica alikwenda Paris mwaka 1947 kwa ufadhili wa serikali ya Ufaransa. Desemba ile mfalme wa Romania akalazimishwa kujiuzulu, na mwaka uliofuata Monica akaomba hifadhi Ufaransa. Baba yake, Eugen Lovinescu, mhakiki mkubwa kuliko karibu wote wa kizazi chake, alikuwa amekufa 1943. Mama yake, Ecaterina Bălăcioiu, mwalimu wa Kifaransa, alibaki. Mwaka 1958 wakamkamata, ameshapita miaka 70. Walitaka amshawishi bintiye ashirikiane nao. Akakataa. Alikuwa mgonjwa, akanyimwa matibabu, akafia gerezani mwaka 1960. Binti hakumwona tena tangu alipoondoka. Mtu aliyelipa hivyo siwezi kusema alikuwa anahukumu kwa raha ya Paris.

Kato_wa_Jukwaani
Nashukuru Mzee. Mimi ni mtu wa maigizo Kampala, na nikisoma mwaka huo 1977 moyo unanishtuka. Ni mwaka uleule Byron Kawadwa alipochukuliwa na watu wa Amin kutoka Jumba la Taifa la Maigizo na kuuawa, muda mfupi baada ya kurudi na kundi lake kutoka tamasha la Lagos. Na kabla ya Amin, wakati wa Obote, Rajat Neogy, mhariri wa jarida la Transition lililoanzishwa hapahapa Kampala mwaka 1961, alikamatwa mwaka 1968 akashtakiwa kwa uchochezi. Kosa lake lilikuwa kuchapisha maoni ya watu juu ya katiba. Mwalimu, waambie wanafunzi wako wasidhani haya ni ya Ulaya peke yake.

Mwalimu_Mbale
Asanteni sana. Mzee, nina maswali mawili. Ni nani hasa aliyetoa amri ya kipigo kile? Na waliobaki ndani ya nchi, je, hapakuwa na mhakiki mkweli hata mmoja?

Mzee_Arua
La kwanza: Ion Mihai Pacepa, jenerali wa ujasusi wa Romania aliyekimbilia Marekani mwaka 1978, aliandika kwamba amri ilitoka kwa Ceaușescu mwenyewe, na kwamba waliotumwa walikuwa Wapalestina. Ilikuwa tarehe 18 Novemba. Kesho yake Monica angetimiza miaka 54, na siku moja baadaye Paul Goma, mwandishi aliyefungwa mwaka huohuo kwa kudai haki za binadamu, akawasili Paris uhamishoni. Monica alipata nafuu akarudi kwenye maikrofoni, na aliendelea kutangaza mpaka 1992, Ceaușescu ameshakufa.

La pili: walikuwepo, na tusiwadhulumu. Nicolae Manolescu aliandika kila wiki kwenye jarida la fasihi la România literară kwa miaka mingi. Njia yake ilikuwa kushikilia usanii peke yake: hiki kimeandikwa vizuri, hiki hapana, na itikadi haimkingi mwandishi mbovu. Hiyo nayo ilikuwa vita. Monica alitaka zaidi. Alitaka kujua pia kama mwandishi amesema uongo, na aliamini kwamba uongo huharibu hata sentensi. Baada ya 1989 walizozana sana kule, wengine wakidai kwamba kipimo chake kiliwaonea waandishi wazuri waliokuwa waoga. Mimi nasema kuna mahali alikuwa mkali mno, maana mwoga naye anaweza kuandika ukurasa wa kweli. Lakini ningekuwa msomaji kule, ningemhitaji yeye kwanza.

Nakato_Jinja
Mzee, habari ya mama yake sikuijua. Juu ya redio bado nina shaka zangu, ila neno "rahisi" nalirudisha. Yule mama aliacha maandishi yoyote?

Mzee_Arua
Aliacha barua, mwanangu. Alimwandikia bintiye miaka yote mpaka alipokamatwa, na zimechapwa kwa Kiromania. Ninazo za miaka ya mwanzo. Mwalimu, nitatafsiri kurasa chache nikutumie kabla ya Ijumaa, uwasomee wanafunzi. Chagua wewe: za mwaka 1948, binti alipoomba hifadhi, au za 1951?

Mwalimu_Mbale
Za 1948, Mzee wangu. Binti aliyeuliza swali ndiye atakayezisoma.