Tunataka kuunda Nyumba Kumi Mshomoroni, tuanzie wapi?

Mkaazi_Mshomoroni
Assalam aleikum wanamtaa. Vichochoro vyetu vitatu vina nyumba kama sitini, nyingi za kupangisha vyumba. Vijana wenye mapanga wanapokonya watu simu jioni, na tena alfajiri watu wakielekea msikitini na kazini. Chifu amekubali tuunde Nyumba Kumi, yaani makundi ya majirani ya kulinda usalama wa mtaa, na doria ya usiku. Shida ni kwamba wengi wanaogopa kutoa habari zisije zikarudi mtaani na majina yao. Doria iweje, na hofu hii tuiondoe vipi?

Bi_Mtopanga
Waaleikum salaam ndugu yangu. Msianze na doria, anzeni na kuripoti. Simu tano zikiporwa na asiwepo hata mmoja aliyeandikisha, kitabu cha kituo kinaonyesha mtaa wenu umetulia, na OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, hana sababu ya kuleta askari huko.

Kila mtu apige *#06# leo, aandike namba ya IMEI, ile inayotambulisha simu yenyewe, kwenye karatasi na kuiweka nyumbani. Simu zenye laini mbili zina namba mbili, andikeni zote. Aliyeporwa aende kituoni siku hiyo hiyo na asitoke bila namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi: ni namba ya tukio, kisha tarehe, kwa mfano 23/14/5/2025.

Maelezo ndipo wengi wanapoharibu. Ukiandika "niliibiwa simu" na kunyamaza, umeandikisha wizi wa kawaida. Waporaji wakiwa zaidi ya mmoja, au aliyekupora ana panga, au amekujeruhi, hilo ni kosa la wizi wa mabavu, na uzito wake ni mwingine kabisa. Kwa hiyo taja walikuwa wangapi, nani alishika nini na alisema nini. Aliyeumizwa aombe palepale fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, na karatasi za hospitali azitunze.

Halafu msihesabu milango kumi kumi. Nyumba moja ya Kiswahili yenye vyumba sita inaweza kuwa na familia sita. Gaweni kwa vichochoro na ploti, kila kundi na mjumbe wake. Akina mama wawemo, maana ndio wanaoshinda mtaani mchana na kuona nani mgeni. Wenye nyumba pia, kwa sababu wapangaji huhama na wao ndio wenye majina.

Mzee_wa_Baraza
Bi amesema kweli. Nikiongeza kuhusu doria: majina, namba za vitambulisho na ratiba vifike kwa OCS na kwa chifu kabla ya usiku wa kwanza. Tembeeni wanne wanne, na tochi, filimbi na jaketi za rifleta zinazong'aa zikimulikwa. Mapanga na rungu vibaki nyumbani. Gari la polisi likiwakuta gizani na mapanga, askari atawezaje kutofautisha doria na genge?

Watu wakiwa haba, acheni usiku wa manane. Shikeni saa moja hadi saa nne usiku, na saa kumi hadi saa kumi na mbili alfajiri, ndizo saa mlizozitaja wenyewe. Nyumba sitini zikitoa shilingi 50 kwa wiki ni 3,000, zinatosha betri na chai. Daftari la hesabu lisomwe mbele ya watu kila mwezi. Vikundi vingi vinavunjwa na pesa kabla ya kuvunjwa na wezi.

Mkimshika mtu, tafadhali sana, asipigwe. Sheria inamruhusu raia kumkamata anayemwona akitenda kosa kubwa kama hili, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Akiuawa, waliompiga ndio washtakiwa, na mashahidi wote wanatoweka. Waliomwona akitenda waende naye kituoni waandikishe usiku huohuo, kwa sababu Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Faili likiwa tupu ataachiliwa, na mtaa utasema polisi wamehongwa.

Karani_Mvita
Tafadhalini msirushe picha ya mshukiwa kwenye kundi la WhatsApp. Kwenye gwaride la utambuzi, mshukiwa husimamishwa kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye, na shahidi anatakiwa asiwe ameonyeshwa kabla. Akishaiona picha kwenye simu, wakili wa utetezi atauliza swali moja tu na ushahidi huo umekwisha. Kundi libaki la kuitana: mahali, saa, idadi ya watu, walikoelekea.

Mkaazi_Mshomoroni
Ahsanteni sana. Na hofu ya majina je? Baadhi ya vijana hao ni wa hapahapa, wengine bado wanafunzi.

Bi_Mtopanga
Habari za siri zisipitie kwenye mkutano wala kwa mjumbe. DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, wana laini ya bure, 0800 722 203, na hulazimiki kutaja jina. Askari akivujisha jina la mtoa habari, andikeni malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, mkitaja tarehe, saa na kituo. Kwa wale wanafunzi, zungumzeni na wazazi na afisa wa watoto mapema, kabla hawajatiwa mkononi. Akishakamatwa, mtoto hapaswi kuwekwa seli moja na watu wazima. Mzazi afike kituoni na cheti cha kuzaliwa, umri uandikwe sawasawa tangu mwanzo.