Chama chetu hakiafikiani kuhusu mradi: tupime kwa utaratibu gani?

Mtunza Daftari, Kisumu
Hamjambo nyote. Mimi ni katibu wa chama cha akiba hapa Kisumu, na wanachama wamekubaliana kwamba fedha zetu zisiendelee kulala benki. Mapendekezo ni matatu: kununua ploti upande wa Ahero, kuweka vizimba vya samaki ziwani, au kununua hema na viti vya kukodisha. Kila mkutano mwenye sauti kubwa hushinda, na mkutano unaofuata uamuzi hufumuliwa upya. Naomba utaratibu ambao hata mwanachama asiyependa hesabu ataweza kujifunza.

Mwalimu wa Lanet, Nakuru
Karibu, Katibu. Mwaka 1772 Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, alimwandikia rafiki yake Joseph Priestley amshauri agawe karatasi sehemu mbili, sababu za kukubali huku na za kukataa kule, aziongeze kwa siku tatu au nne, kisha afute zile zinazolingana uzito hadi aone upande gani umebaki. Njia hiyo yafaa kwa swali la ndiyo au hapana. Ninyi mna njia tatu, kwa hiyo tumieni jedwali la vigezo.

Kubalianeni kwanza juu ya vigezo, kabla mtu yeyote hajatetea mradi wake, na mvigawie alama 100 kulingana na uzito. Hapa ndipo vikundi vingi hujikwaa. Uzito hautokani na umuhimu wa kigezo peke yake, bali pia na jinsi miradi inavyotofautiana kwa kigezo hicho: ikiwa yote mitatu itakula akiba ile ile, gharama haistahili alama hata moja, ijapokuwa ndiyo inayowakosesha usingizi. Vilevile, msiandike "faida" na "mapato ya mwezi" kama vigezo viwili, maana mtakuwa mmehesabu jambo moja mara mbili. Kisha kila mwanachama aupe kila mradi alama kati ya 0 na 10 kwa kila kigezo, kimya kimya, kwenye karatasi yake, kabla mwenyekiti hajafungua kinywa. Mwishowe zidisheni kila alama kwa uzito wa kigezo chake, mjumlishe.

Mama Shamba, Kitale
Mimi alama peke yake siziamini sana, Mwalimu, kwa sababu watu huzipanga zikubaliane na walichokwisha kukitaka. Ongezeni zoezi alilolieleza mwanasaikolojia Gary Klein mwaka 2007: jifanyeni mwaka umepita na mradi umekufa, kisha kila mtu aandike umeuawa na nini. Katika chama ambamo kumpinga mwenyekiti huonekana ni utovu wa adabu, zoezi hili hufanya kukosoa kuwa kazi aliyopewa kila mmoja. Kwa vizimba sidhani mtakosa la kuandika, kwani mwaka 2022 samaki wengi walikufa humo humo Kisumu maji yalipopungukiwa na oksijeni.

Mtunza Daftari, Kisumu
Asanteni sana. Tumejaribu Jumapili. Usalama wa mtaji tuliupa 40, mapato 30, wepesi wa kuuza tukikwama 20, na muda wa usimamizi 10. Ploti ilipata 8, 2, 4 na 9, jumla 550. Vizimba 3, 9, 5 na 2, jumla 510. Hema na viti 6, 6, 7 na 4, jumla 600. Hata hivyo, mweka hazina alipoomba usalama uwe 50 na mapato 20, ploti ilipanda hadi 610 na hema zikabaki 600. Sasa tuamini jedwali lipi?

Mwalimu wa Lanet, Nakuru
Msiamini lolote kati ya hayo mawili kana kwamba ni hukumu ya mahakama, tazameni kilichobadilika. Vizimba vimebaki vya mwisho mara zote mbili, kwa hiyo msitumie hata nauli kwenda Dunga, huko ufukweni, kuulizia bei ya chakula cha samaki, kwa kuwa jibu lake haliwezi kugeuza uamuzi. Mabishano yenu halisi ni kati ya wanaotaka mtaji uwe salama na wanaotaka mapato, na yamebebwa na zile alama 8 mlizoipa ploti. Je, mmeshafanya upekuzi wa hatimiliki kwenye ofisi ya ardhi? Mmewauliza majirani kama maji ya mafuriko hufika pale? Ikiwa 8 itashuka hadi 7, ploti itabaki na 560 hata kwa uzito wa mweka hazina. Anzeni na maswali hayo mawili kabla ya kuitisha mkutano mwingine.