Miaka 32 kinyumba bila cheti: Eva alistahili urithi wa Stieg Larsson?

Mtoa mada
Wakuu, wapenzi wa riwaya za upelelezi mnamjua Stieg Larsson, yule Msweden. Novemba 9, 2004, lifti ya jengo lenye ofisi ya jarida lake la Expo, Stockholm, ilikuwa mbovu. Akapanda ngazi ghorofa saba, moyo ukagoma. Alikuwa na miaka 50. Miswada ya riwaya tatu alishaikabidhi kwa mchapishaji, ila hakuona hata moja ikiuzwa. Ya kwanza ilitoka 2005, na leo hesabu ya nakala ni makumi ya mamilioni.

Sasa njooni kwenye mirathi. Aliishi kinyumba na Eva Gabrielsson, msanifu majengo, miaka 32. Ndoa hakuna, mtoto hakuna, wosia halali hakuna. Sheria ya Sweden inamgawia mwenza wa namna hiyo nusu ya nyumba na vyombo walivyonunua kwa ajili ya maisha yao ya pamoja. Kurithi, harithi. Nusu ikaenda kwa baba mzazi. Nusu ya mama, ambaye alishafariki, ikashuka kwa Joakim, ndugu yake Stieg. Haki za vitabu nazo zikaenda huko huko.

Fedha naweza kunyamaza. Kinachonikera ni hizo haki za vitabu. Mwanamke aliyekuwa naye tangu 1972, walipokutana mji wa Umeå, huko huko Sweden, kwenye mkutano wa kupinga vita vya Vietnam, leo hana sauti. Mwaka 2015 David Lagercrantz akatoa kitabu cha nne chenye wahusika wale wale, kwa baraka za warithi. Eva alipinga waziwazi. Kikatoka.

Jibu
Mkuu, lawama mbebeshe marehemu. Mwaka 1977, kijana wa miaka 22, alikwenda Eritrea kuwafundisha wapiganaji wanawake wa EPLF, jeshi la ukombozi la huko, kufyatua mizinga midogo. Kabla ya safari akaandika wosia: mali yake yote iende kwa tawi la wakomunisti la Umeå. Karatasi ilikuja kuonekana baada ya kifo, ikawa si kitu, maana haikuwa na mashahidi. Sheria inataka wawili. Wawili tu! Miaka 27 iliyofuata hakupata jioni moja ya kugonga kwa majirani wakatia sahihi? Na hapo kazi yake ilikuwa kuwachimba Wanazi mamboleo, watu waliokuwa wakimtishia maisha.

Jibu
Hapo unamwonea. Eva ameeleza kuwa ndoa waliikwepa kwa sababu ya hao hao Wanazi. Sweden anwani ya mtu si siri, na wao hawakutaka kujianika kwenye madaftari ya serikali wakiwa wawili.

Jibu
Ndoa sawa, nimeelewa. Wosia je? Unakaa kwenye droo, hauanikwi popote mpaka mwenyewe afe.

Halafu huyo baba na ndugu mnawafanya wezi bure. Hawakutunga sheria wao. Mwaka 2009 walimtangazia Eva kronor (fedha ya Sweden) milioni 20, akakataa. Nusu ya nyumba iliyokuwa ya Stieg nayo mwishowe walimwachia.

Mtoa mada
Walimwachia baada ya miaka ya kuvutana, akiwa analala humo humo ndani asijue atahamishwa lini. Na hizo milioni 20 zisome vizuri. Yeye alichokuwa anadai ni kusimamia maandishi, wao wakamletea fedha. Ukiniuliza mimi, wangegawana hivi: mapato yabaki kwa familia, na swali la nani aendeleze hadithi aulizwe Eva. Warithi walikuwa na uwezo wa kumpa hiyo nafasi kwa sahihi yao tu, bila kungoja bunge libadili sheria. Hawakutaka. Aliyewatetea hapo juu anijibu hilo, habari ya droo tumeshaisikia.