Filamu nyeusi na nyeupe: kuloweka kwanza au kumimina dawa kwenye filamu kavu?

Tangi_Jeusi: Wakuu, nasafisha filamu mwenyewe nyumbani, saizi za 35mm na 120. Rola ya juzi imetoka na vidoa vya duara kwenye anga la picha, na pembeni mwa picha pana ukungu usio sawa. Wapo wanaoloweka kwanza majini, wapo wanaomimina dawa moja kwa moja. Nifuate lipi?

MzeeWaGiza: Mimi ni kavu tu. Ilford wenyewe, watengenezaji wa filamu, hawashauri kuloweka, wanasema usafishaji unaweza usiwe sawa. Jelatini, yaani utando wa filamu unaobeba picha, ikishashiba maji, dawa lazima iyatoe kwanza ndipo iingie. Vidoa vyako ni viputo vya hewa. Ukishamimina dawa, gonga kitako cha tangi mezani mara mbili tatu, na ugonge tena kila ukimaliza kutikisa.

BiNegativu: Shikamoo mzee. Kwa tangi la mkono sina ubishi. Lakini kwa mashine za kuzungusha tangi, watengenezaji wake JOBO wanataka dakika 5 za maji kabla ya dawa. Na filamu bapa za inchi 4x5 kwenye trei mimi lazima niloweke! Zikiingia kavu kwa pamoja zinagandana, na ukizibandua gizani kwa vidole unakwaruza picha. Naziingiza majini moja moja, ikilainika hii ndipo naingiza nyingine. Maji yawe na joto la dawa, nyuzi 20.

FiksaMpya: Nyongeza. Ukiloweka filamu ya Fomapan ya 120, maji yanatoka kijani kibichi. Mara ya kwanza nilidhani nimeua filamu! Ni rangi tu ya kuzuia mwanga usirudi kwenye picha kutoka nyuma ya filamu. Na kama unatumia dawa ya bafu mbili, yaani vimiminika viwili kimoja baada ya kingine, usiloweke kabisa. Bafu la kwanza linategemea jelatini inywe dawa, sasa ikishajaa maji itanywa nini?

Tangi_Jeusi: Asanteni. Dawa yangu ni ya dakika 4.

MzeeWaGiza: Basi ukungu wako unatoka hapo, kijana wangu. Chini ya dakika 5, sekunde chache za kumimina zinaonekana kwenye negativu. Zimua dawa zaidi, ufuate muda mrefu wa mchanganyiko huo, ndipo ujaribu kuloweka.

BiNegativu: Piga rola nzima ya ukuta mtupu, uikate katikati gizani. Nusu loweka, nusu kavu, dawa ileile. Ukuta hauna pa kuficha doa.

Tangi_Jeusi: Rola iko ndani ya kamera tayari. Jumamosi naweka negativu zote mbili hapa.