Mjadala: Tukutuku zilizogeuzwa kuwa za umeme, tuzilazimishe kuacha betri za asidi?

Wakuu, habari zenu. Naileta mada hii kwa sababu kila kijiwe cha tukutuku, hizi bajaji za magurudumu matatu, hapa Kampala siku hizi kina ubishi uleule. Wapo wanaosema chombo kilichong'olewa injini ya petroli na kufungwa mota kisiruhusiwe barabarani kama bado kinatembea na betri za asidi. Kihamie lithiamu au kikae nyumbani. Wengine wanajibu kwamba huko ni kumpokonya maskini kazi, maana pesa ya pakiti moja ya lithiamu ingenunua seti kadhaa za betri za asidi.

Mimi ni fundi umeme wa magari, Ndeeba. Niko upande wa lithiamu na sifichi. Lakini sheria hiyo ikipita kama inavyosemwa vijiweni, itatuletea balaa jingine. Nisomeni hadi mwisho ndipo mnikosoe.

Tukutuku ya volti 72 hufungwa betri sita za asidi za volti 12. Zikiwa za Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), kila moja ina kilo 30 hivi, jumla kama 180. Pakiti ya lithiamu ya fosfeti ya chuma yenye uwezo huohuo, seli 24 pamoja na boksi lake, ni kama kilo 60. Kilo 120 za tofauti ni gunia zima la mahindi na zaidi, na dereva analizungusha mchana kutwa bila kulipwa nauli yake.

Tena ile 100 iliyoandikwa ubavuni mwa betri ya asidi hupimwa betri ikitoa umeme polepole kwa saa 20, yaani ampea 5. Mota inayopanda na mzigo inaweza kuvuta ampea 100, na hapo betri hutoa karibu nusu tu ya ilichoandikiwa. Kasimameni njia inapopanda kuelekea Namirembe, mtazame geji ya tukutuku iliyojaa matoke. Imetoka nyumbani na volti 76. Ikianza kupanda inasoma 70, kisha 67, kisha 65. Ikigusa 63 kontrola, yaani kifaa kinachoongoza umeme wa mota, inakata, chombo kinasimama mlimani na foleni nyuma yake inapiga honi. Dereva anangoja kidogo, volti zinarudi juu, anadhani betri imepata nguvu, anavuta tena. Kila anaporudia hivyo anazidi kuziua.

Ndiyo maana nasema bei ya dukani inadanganya. Betri ya asidi ikifanyishwa kazi hiyo kila siku hustahimili mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji na kumaliza. Kwa anayechaji kila usiku, ni mwaka mmoja au na miezi kadhaa. Lithiamu ya fosfeti hufikisha 2,000 na kuendelea, yaani zaidi ya miaka mitano. Na umeme unaoununua kwa Yaka, ile mita ya kulipia kabla: katika yuniti kumi, betri ya asidi inakurudishia saba au nane, lithiamu zaidi ya tisa. Gawanya kwa safari, usigawanye kwa risiti.

Sasa kinachoniumiza. Mwenye chombo akishajikusanya akanunua pakiti, anang'oa betri sita, anatumbukiza pakiti, waya ni zilezile, chaja ni ileile. Baadhi ya chaja za betri za asidi zina hatua ya kusawazisha, inayopandisha kila betri hadi volti 15 na zaidi. Kwa sita ni zaidi ya 90. Pakiti ya seli 24 mwisho wake ni 87.6. Kile kibao cha ulinzi tunachokiita BMS kikikata, umenusurika. Kikiwa cha bei poa na kikashindwa, seli zinavimba.

Geji nayo. Kwa betri ya asidi, volti zikishuka unajua chaji imeshuka. Lithiamu haiko hivyo: ikiwa karibu kujaa inasoma kama 79, ikibaki na robo inasoma kama 77. Dereva anaona sindano imetulia, anakubali safari ya Mukono, kisha BMS inakata ghafla barabarani. Panahitajika kifaa kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Na mota zinazorudisha umeme wakati wa kushuka: aliyechaji hadi kujaa juu ya kilima akianza kushuka mara moja, BMS inaweza kukataa umeme huo, breki ya mota ikapotea, hata kontrola ikaungua.

Mbaya kuliko vyote ni pakiti zinazokusanywa kwa seli za kompyuta za mkononi zilizochakaa, zimelehemiwa kwa mkono, hakuna fyuzi, zimezungushiwa utepe wa gundi tu. Kisha pakiti hiyo inawekwa chini ya kiti cha abiria. Siwezi kulikalia kimya hilo.

Kwa hiyo sheria ingemkamata nani? Ikisema tu "lithiamu lazima", asiye na uwezo atakimbilia pakiti hizo. Ninachotaka ni masharti ya ufungaji: chaja yake, BMS inayolingana na ampea za mota, fyuzi karibu na terminali, boksi lililofungwa bolti kwenye chesisi, na fundi aliyepewa cheti anayeweka jina lake kwenye kazi. Ukaguzi wa vyombo uko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, viwango viko kwa UNBS, shirika la viwango la Uganda. Wakae pamoja.

Na betri za zamani ziende wapi? Risasi, ile metali iliyo ndani ya betri za asidi, ni sumu inayoua. Thiaroye-sur-Mer huko Senegali, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 kwa sumu ya risasi ya betri zilizovunjwavunjwa mtaani. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu sumu hadi Phyllis Omido akaongoza kesi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Tukiwaamuru watu watupe betri zote kwa mpigo bila mahali pa kuzipokea, zitavunjwa vichochoroni Kisenyi na Katwe, asidi ikimwagwa kwenye mtaro.

Karibuni, kila mtu na hoja yake.

Dereva, Busia:
Mkuu umesema kweli juu ya mlima, lakini huku kwetu ni tambarare na safari zangu ni fupi. Betri moja ikifa nanunua moja. Pakiti ikifa nanunua nini? Betri nilizonazo zinanitosha kulisha watoto, niacheni nazo.

Fundi, Katwe:
Kaka wa Busia, hiyo ya kununua moja ndiyo inayokumaliza. Zimeungwa mfululizo. Mpya ukiichanganya na tano chovu, zile chovu zinaisha mapema, mpya inaendelea kusukuma, na kwenye kuchaji hazijai sawa. Baada ya miezi hata ile mpya imechoka. Ila mleta mada, usitutupie Katwe lawama zote. Tunavunja betri kwa sababu anayenunua risasi analipa kwa kilo palepale. Akitokea wa kupokea betri nzima na asidi yake kwa bei hiyohiyo, hakuna atakayetaka kuishika kwa mikono.

Mfanyabiashara wa matoke, Nakawa:
Mimi sina tukutuku, nazikodi. Ninachojua ni kwamba ya betri nzito inakataa mikungu niliyopanga, nalipa safari mbili. Mwenye chombo angenionyesha hiyo tofauti ya gunia, ningemwongezea nauli ili anunue pakiti. Je, kwenye vyama vyenu hamwezi kukopeshana kwa namna hiyo?

Mleta mada:
Mama wa Nakawa, hilo linawezekana, na pia ipo njia ya kubadilishana betri ambayo kampuni ya Zembo iliianzisha kwa boda boda zake za umeme hapa Kampala: pakiti ni ya kampuni, dereva analipia chaji. Kwa tukutuku zilizogeuzwa kikwazo ni kwamba kila fundi ametengeneza boksi la kipimo chake na plagi yake.

Ndugu wa Busia, nakubali, kwako hakuna haraka. Tumia ulizonazo hadi ziishe, usizishushe chini ya nusu, na usichanganye mpya na kuukuu. Sheria ikija, nitatetea upewe muda huo.

Fundi wa Katwe, umenijibu vizuri kuliko nilivyoandika. Bei ya kupokea betri nzima ilingane na bei ya risasi kwa kilo: hilo naliongeza kwenye masharti, na liwe la kwanza. Nitajie kitu kimoja: huko kwenu nani ananunua betri bila kuzimwaga asidi, hata kama ni mmoja tu?